Ukoko Hakutaka Kuvuka Barabara

Kila mwaka, wiki ile wanawake wa majengo ya Solbat tunapomaliza kupaka kabichi pilipili na mikono inatuwaka hadi viwikoni, Mama Duho alianza kuokota maboksi. Ni yale meupe, mepesi, ya povu gumu la plastiki, ambamo kabichi zilizolowekwa chumvi hutufikia kutoka mashambani. Watu waliyatupa kando ya mapipa ya taka, naye aliyapitia moja moja, akiyanusa kama mtu anayechagua tikiti. Lililobeba samaki alilirudisha palepale.

"Hili paka atalitafuna ukuta," alisema. "Halafu Januari atalala nje, nyumba yake iko tumboni."

Mimi nina duka la vitoweo ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la chini la Solbat, hapa Incheon, Korea. Nauza chipukizi za soya, dagaa wa kukaanga na sukari, figili za siki, na kimchi, ile kabichi ya pilipili, kwa wale wanaojidai hawana muda wa kutengeneza yao. Watu wananiita Mama Vitoweo, jina ambalo sikuliomba. Sina mdomo mtamu, na paka sikuwa na habari nao. Lakini duka langu lina stoo kavu, na Mama Duho alikuwa na macho ya kuiona stoo ya mtu kabla ya mwenyewe. Ndivyo maboksi yake yalivyohamia kwangu, naye mwenyewe nyuma yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi.

Alikata tundu dogo, la kupita paka na si mbwa, juu kidogo ya sakafu ili theluji isiingie. Upande wa pili akakata jingine, kwa sababu paka haamini nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Alizungushia nailoni nyeusi, akabana na selotepu, na juu akaweka tofali, upepo usije ukalibeba. Ndani alijaza majani makavu ya mpunga, ambayo binamu yake alimletea kutoka kisiwa cha Ganghwa. Nguo hakutaka kuisikia. Kila mwaka alitokea mtu mwema na blanketi kuukuu, na kila mwaka alilikataa.

"Kitambaa kinakunywa maji," aliniambia. "Usiku kinaganda, na paka anaganda nacho. Majani hayanywi kitu."

"Dada, wewe ungekuwa fundi wa nyumba za watu, saa hizi ungekuwa tajiri."

"Watu wana maneno mengi. Mteja wangu akiipenda nyumba analala, basi."

Jina lake hasa ni Pyo Geumrye, lakini nani alimwita hivyo? Tangu amzae Duho alikuwa Mama Duho. Alikuja mjini msichana, akashona glavu kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Mumewe aliendesha lori la mchanga, akaenda na maradhi ya mapafu mtoto akiwa bado anasoma. Baada ya hapo alifagia ngazi za Solbat, jengo baada ya jengo, na kwa ngazi hizo Duho akasoma mpaka akawa fundi wa meli huko Ulsan, upande wa pili wa nchi. Alimpata mke mzuri, akapata mtoto, na akawa anapiga simu Jumapili. Mama Duho hakulalamika. Lakini mimi niliona, mwezi ule Duho alipohama: mama huyu alikuwa ananunua kitoweo cha watu wawili, halafu kesho yake ananirudishia kopo lenye nusu yake, eti limezidi chumvi. Chumvi yangu haijawahi kuzidi.

Majira hayo hayo ya baridi ndipo Ukoko alipotokea. Alikuwa paka jike mdogo, rangi yake ile ya wali ulioganda chini ya sufuria, kahawia na manjano imechanganyika na weusi wa kuungua. Aliingia chini ya ngazi za jengo la sita, pale pale Mama Duho alipokuwa anaweka ndoo na mafagio yake, akazalia humo. Mama Duho alimpelekea supu ya samaki. Baadaye akampeleka kufungwa uzazi, paka akarudi na ncha ya sikio la kushoto imekatwa, kama wanavyowekwa alama waliofungwa. Baada ya hapo Ukoko hakumruhusu mtu mwingine yeyote kumgusa. Mimi nilijaribu mara moja, akaniachia mstari mkononi ambao ninao mpaka leo. Kwa Mama Duho alilala chali.

Kumweka ndani haikuwezekana. Mama Duho alijaribu wakati wa baridi kali moja, akamfungia chumbani kwenye sakafu yenye joto. Ukoko alilia mpaka sauti ikakatika, akakwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Aliyezaliwa nje ni wa nje. Akaachiwa, akarudi kwenye boksi lake chini ya ngazi, na mambo yakawa hivyo miaka tisa.

Wako waliochukia. Jirani mmoja wa ghorofa ya nne alilipiga teke boksi mbele yetu sote.

"Unawapenda hivyo, si uwapeleke kwako?"

"Kwangu ni hapa," Mama Duho akamjibu. "Wewe ndiye uliyehamia juzi."

Watu walicheka, na yule jirani hakurudia. Mama Duho akaokota majani yake, akayarudisha ndani kwa mkono, taratibu, kisha akaendelea kufagia.

Halafu ikaja amri ya kubomoa. Solbat ilikuwa imezeeka, mabomba yanavuja, na wenye nyumba walipiga kura yajengwe maghorofa marefu. Sisemi walikosea. Kila familia ilipohama, vijana walipuliza rangi nyekundu mlangoni, duara kubwa, kuonyesha hakuna mtu. Kiangazi kilipoisha, madirisha mengi yalikuwa hayana vioo. Vuli ilipofika, jengo la sita lilikuwa na taa moja tu, nayo ilikuwa ya Mama Duho, ghorofa ya chini. Alikuwa mpangaji, hakuwa na fungu la kupata nyumba mpya, na kodi za mtaani zilikuwa zimepanda mpaka mtu anaona aibu kuuliza. Duho alimwambia ahamie Ulsan. Chumba kipo, mtoto anamhitaji bibi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamwambia. "Utapewa jembe huko, dada."

"Ulsan kuna mashamba wapi? Nitapewa mjukuu nimbebe mgongoni."

"Na paka?"

Mkamwana ana pumu. Na hata angekuwa hana, tulikwisha kuona Ukoko anavyofanya akifungiwa.

Paka akiogopa hakimbilii nje. Anakimbilia chini, kwenye giza analolijua. Mashine zingeanza Desemba, na paka wa Solbat wangeingia chini ya ngazi na kwenye vyumba vya mabomba, majengo yakawaangukia humo humo. Mama Duho alilijua hilo kuliko sisi sote. Kwa hiyo mwaka ule, alipomaliza maboksi, hakuweka hata moja ndani ya Solbat. Aliyapanga yote nyuma ya duka langu, kwenye kile kilima kidogo chini ya misonobari. Yale ya zamani akayavunja kwa mikono yake. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, analikanyaga boksi moja vipande vipande huku anafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Baridi inakuja, na mimi nabomoa nyumba zao," alisema. "Nimekuwa kama hao wenye mashine."

Sahani za chakula aliziacha zitembee. Kila siku alizisogeza kidogo, kutoka mlangoni hadi kwenye ua, kutoka ua hadi langoni, kutoka langoni hadi ng'ambo. Wateja wangu walinung'unika kuhusu paka, nikawaambia wanaoona kinyaa wakanunue vitoweo mahali pengine, kama watavipata. Paka walifuata tumbo. Mmoja mmoja walivuka barabara, na kila asubuhi tuliona boksi jingine lina mtu. Wote walivuka isipokuwa Ukoko.

Ukoko alifuata sahani mpaka langoni, akala, akarudi jengo la sita. Sahani ilipovuka barabara, akaacha kula. Mtego wa chuma hakuukaribia. Aliwahi kunasa siku ile ya kufungwa uzazi na hakusahau. Mama Duho akambeba kifuani ndani ya koti, akavuka naye, akamwingiza kwenye boksi bora kuliko yote, akakaa naye akimsemesha. Alipoinuka kurudi, Ukoko alimpita mbio barabarani, gari likapiga honi, na Mama Duho alipofika mlangoni kwake alimkuta ameketi pale anamngoja. Walifanya hivyo tena na tena. Nilianza kuogopa kwamba gari litawahi kabla ya mashine.

"Anapenda jengo lake," Mama Duho alisema. "Paka ni wa mahali, si wa mtu."

Mlinzi wa Solbat, Mzee Tak, alikuwa dukani kwangu wakati huo, anakunywa supu ya chipukizi. Ni mtu asiyesema sana, maana mke wake alisema kwa wote wawili. Akaweka kijiko chini.

"Mama Duho, usinikasirikie."

"Sema."

"Ulipoenda Ulsan kwa siku ya kuzaliwa ya mjukuu, yule paka hakulala jengo la sita hata siku moja. Alilala kwenye kibanda changu pale langoni, anaangalia kituo cha basi. Uliporudi akarudi na wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jengo halina kosa. Anakaa kwa sababu wewe umekaa."

Mama Duho alisimama, akamwambia alinde lango lake aache kumlinda yeye, na akatoka bila kufunga mlango. Mzee Tak akaniangalia.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Kunywa supu yako."

Mama Duho alikuwa amebakiza wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kuhama. Alikuwa ametuapia sote kwamba atakaa mpaka siku hiyo, kwa ajili ya paka. Siku mbili hakuja dukani. Siku ya tatu nilichukua bakuli la uji wa maboga, nikavuka, nikapita kwenye ile milango yenye duara nyekundu, nikagonga. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye makatoni. Katikati ya chumba kitupu, juu ya sakafu yenye joto, alikuwa ametandaza majani ya mpunga, na yeye amelala juu yake na nguo zake za nyumbani, nywele zimejaa makapi.

"Mungu wangu! Dada, umegeuka ng'ombe?"

"Funga mlango, joto linatoka."

"Godoro liko wapi?"

"Liko palepale. Sitaki godoro." Akaketi, akatoa unyasi shingoni. "Nguo yangu siwezi kumwekea, italoa. Basi nalala kwenye majani mpaka yashike harufu yangu. Nikiondoka, ndiyo nitakayomwachia."

Nikaketi kwenye majani kando yake.

"Na wewe usikae sana," akasema. "Utayanukisha kitunguu saumu."

Tukacheka. Halafu akalia, kilio cha mtu mzima, kile kinachotoka bila sauti. Aliniambia kwamba mume wake alipokufa alikuwa na mtoto wa kumlisha, na mtoto alipoondoka alikuwa na Ukoko wa kumlisha, na kwamba hajui mtu anaamkaje asubuhi kama hakuna anayemngoja mlangoni. "Huko mjukuu ana mama yake," alisema. "Mimi nitakuwa wa kuongezea tu." Nilimwambia upuuzi, kwamba atazoea. Mtu husema nini?

Aliondoka Jumatano, kabla ya siku yake. Asubuhi hiyo alijaza majani yale kwenye boksi, akayashindilia kwa ngumi, akanikabidhi nikaliweke mwisho wa safu kilimani. Hakumuaga Ukoko. Angemuaga, angemfuata. Tulipanga niende na dagaa mlango wa mbele, nimshughulishe, wakati yeye anatoka na Duho, aliyekuja na gari kumchukua, kwa lango la nyuma. Ukoko alikula dagaa wangu akinitazama kwa dharau. Nikasikia mlango wa gari unafungwa huko nyuma. Masikio yake yakasimama, hata lile lililokatwa. Akaacha chakula.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Ukoko alikaa kwenye mlango wa Mama Duho, na mlango ulikuwa umekwisha kupigwa duara nyekundu. Alilia. Alizunguka jengo, akapanda kwenye dirisha, akashuka, akarudi mlangoni. Nilimpelekea chakula, hakugusa. Mama Duho alipiga simu kila asubuhi, hata salamu hana.

"Bado?"

"Bado."

"Mashine?"

"Zimefika langoni. Wanaweka uzio."

"Ningekuja nimchukue."

"Uje umpeleke wapi, dada? Ukija ataamini umerudi. Tutaanza upya."

Akakata simu. Nilijua nimemuumiza, na nilijua nimesema kweli.

Siku moja kabla uzio haujafungwa, baridi iliteremka kwa mara ya kwanza hasa, ndoo zangu za nje zikashika barafu. Mzee Tak alikuwa amepigilia ubao kwenye mlango wa chini ya ngazi za jengo la sita, baada ya kuingia na tochi kuhakikisha hamna kitu. Asubuhi nilipanda kilimani na maji ya moto ya kuyeyusha bakuli za paka. Kwenye tundu la boksi la mwisho, nailoni ilikuwa na ukungu mweupe wa pumzi. Nikainama. Ukoko alikuwa ndani, amejikunja, na pua yake ameizamisha kwenye majani mpaka macho. Hakunikwaruza, hakunitazama.

Nilipiga simu palepale kilimani.

"Ameingia."

Nilimsikia mjukuu akiimba nyuma yake.

"Pua yake iko wapi?" akauliza.

"Kwenye majani. Kabisa."

"Sawa," akasema. "Kabichi za mwaka huu zimeiva vizuri?" Tukazungumza habari za kabichi.

Alikuja mwisho wa Januari, bila kuniarifu. Jengo la sita lilikuwa kifusi nyuma ya turubai, na mashine zilikuwa zinapiga la saba. Niliinua kichwa kutoka kwenye figili, nikamwona amesimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la kupeleka mizigo, shali imemfunika mpaka puani. Alikuwa amepungua. Nikatoka mbio na aproni.

"Dada! Safari yote hiyo ya basi umekuja kusimama hapa? Ingia ndani!"

"Punguza sauti. Yuko?"

Nikamwonyesha. Ukoko alikuwa ameketi juu ya boksi lake kwenye kijua kidogo, amenenepa, anajilamba mguu. Mama Duho alimtazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inasogea ndani ya shali, kama anavyofanya anapomwita.

"Mwite basi," nikasema. "Mara moja tu. Umetoka mbali."

"Nikimwita atakuja."

"Si ndiyo unachotaka?"

"Halafu nikiondoka? Atanitafuta wapi, Mama Vitoweo? Ataingia mlemle." Akaelekeza kidevu kwenye turubai, mahali mlango wake ulipokuwa. "Analala vizuri?"

"Analala."

"Majani usiyabadilishe yote kwa mara moja. Changanya."

"Nachanganya."

Nilitaka kumshika mkono nimwingize ndani nimpe hata supu, lakini alikuwa amekwisha kugeuka. Alitembea upande ule upepo unakoelekea, harufu yake isimfikie paka, mbali na kilima, ameinama, mpaka akapinda kona ya duka la dawa.

Upepo wa hapa haukai upande mmoja. Nilikuwa bado sijavuka kurudi dukani Ukoko alipoinua kichwa. Akateremka kilimani, akavuka barabara ambayo hakuwa ameivuka tangu Desemba, akaja mpaka nyuma ya lile gari. Akanusa lami pale nyayo zilipokuwa, akazunguka, akanusa tena. Akatoa sauti moja fupi, ile aliyokuwa akiitoa mlangoni, akakaa.

Nilikaa chini kando yake, na aproni yangu, kwenye baridi ile, watu wanapita. Hakunikimbia. "Ameenda, mwanangu," nikamwambia. "Hakukuita kwa sababu anakupenda." Sikujua kama nasema na yeye au na nani. Tulikaa hapo mpaka lile gari likaondoka, kisha nikavuka mimi kwanza, polepole, nikigeuka kila hatua kuona kama ananifuata.